Augusta Dejerine-Klumpke, daktari aliyechunguza mfupa unaoota mahali pasipo pake

Kama nyumbani kwako kuna mtu aliyeumia uti wa mgongo, aliyevunjika kiwiko, aliyeungua sehemu kubwa ya mwili au aliyepigwa vibaya pajani, makala haya yanakuhusu. Tutazungumza kuhusu mfupa kuota ndani ya nyama ya mwili, mahali ambapo haukupaswa kuwepo. Wengi hawajawahi kusikia jambo hili mpaka linapowapata, na kwa kutolijua wanafanya mambo yanayozidisha madhara.

Ili tuelewane vizuri, nitakusimulia maisha ya daktari mmoja mwanamke aliyefariki mwaka 1927. Yeye na mwenzake ndio waliolichunguza tatizo hili kwa makini kwa watu waliopooza, wakati madaktari wengi walikuwa hawalitilii maanani.

Familia iliyosafiri kwa sababu ya mguu

Augusta Klumpke alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1859 mjini San Francisco, Marekani. Dada yake mkubwa, Anna, aliumia mguu akiwa mdogo baada ya kuanguka, na mguu ule haukupona sawasawa. Mama yao alivuka bahari na watoto wake kwenda Ulaya kumtafutia matibabu. Walikaa Ujerumani, wazazi wakatengana, na baadaye mama akaishi na watoto Uswisi, katika mji wa Lausanne. Anna alichechemea maisha yake yote, lakini alikuja kuwa mchoraji mashuhuri. Mdogo wao Dorothea akawa mwanaastronomia, na mwingine, Julia, akawa mpiga fidla na mtunzi wa muziki.

Kwa hiyo Augusta alikulia katika nyumba ambamo jeraha la mtoto mmoja lilibadilisha mwelekeo wa familia nzima. Wewe unayemuuguza mtu nyumbani unalielewa hilo bila kuelezwa. Mtu mmoja akivunjika, kazi zinasimama na wengine wanahama, na fedha iliyowekwa kwa ajili ya ada ya shule inakwenda kwenye nauli ya hospitali.

Mwaka 1875 Madeleine Brès alikuwa mwanamke wa kwanza Mfaransa kupata shahada ya udaktari. Habari hiyo ilimfikia mama Klumpke, naye akaona kwamba binti yake mwenye kupenda masomo ya sayansi anaweza kupita njia hiyohiyo. Mwaka 1877 familia ikahamia Paris, na Augusta akaanza kusomea udaktari.

Mlango uliofunguliwa kwa shida

Wakati ule mwanamke aliruhusiwa kusoma darasani, lakini hospitali za Paris zilikuwa na ngazi zake. Aliyetaka kuwa daktari mzuri alipaswa kufanya mitihani ya ushindani. Wa kwanza ulimruhusu kusaidia wodini wakati wa mchana. Wa pili, uliokuwa mgumu zaidi, ulimfanya kuwa daktari mkazi, anayelala hospitalini na kuwajibika kwa wagonjwa usiku na mchana. Bila ngazi hiyo ya pili ilikuwa vigumu sana kuwa bingwa.

Wanawake walikubaliwa kufanya mtihani wa kwanza mwaka 1882. Augusta akaufanya na akafaulu, pamoja na mwenzake Blanche Edwards. Walipoomba kufanya wa pili, madaktari wengi walipinga na wakatia sahihi barua za pamoja. Walidai mwanamke hana nguvu za kukesha, na kwamba haifai akae hospitalini pamoja na wanaume. Suala hilo likafika serikalini, na Julai 1885 mkuu wa mkoa, Eugène Poubelle, akatoa amri wanawake waruhusiwe. Huyu ndiye ambaye jina lake Wafaransa wanalitumia mpaka leo kwa pipa la takataka, kwa sababu ndiye aliyewalazimisha wenye nyumba za Paris kuweka mapipa.

Mwaka 1886 Augusta akafaulu, akawa mwanamke wa kwanza kuwa daktari mkazi kamili katika hospitali za Paris.

Mkono wa mtoto usioshika

Huenda jina lake umeshalisikia kliniki. Mwaka 1885, akiwa bado mwanafunzi, aliandika uchunguzi kuhusu aina ya kupooza ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake, kupooza kwa Klumpke. Mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi hutoka shingoni ikiwa kama fungu la kamba. Mizizi ya chini ya fungu hilo ikivutwa au kukatika, bega na kiwiko vinaweza kufanya kazi, lakini kiganja na vidole vinalegea. Augusta alionyesha pia kwamba kama jeraha liko karibu sana na uti wa mgongo, jicho la upande huo nalo huonyesha dalili: mboni inakuwa ndogo na kope linashuka.

Tunaliona jambo hili kwa mtoto ambaye mkono wake ulivutwa kwa nguvu wakati wa kuzaliwa, na kwa mtu aliyeanguka kutoka mtini akadaka tawi kwa mkono mmoja. Ukiona mtoto mchanga hakunji vidole vya mkono mmoja, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Mpeleke mapema.

Kwa kazi hiyo, Chuo cha Taifa cha Tiba cha Ufaransa kilimpa tuzo. Mwaka 1888 aliolewa na Jules Dejerine, daktari bingwa wa mishipa ya fahamu aliyekutana naye hospitalini. Walipata binti mmoja, Yvonne, ambaye naye akawa daktari. Mume na mke walifanya kazi meza moja. Waliandika kitabu kikubwa cha juzuu mbili kuhusu ubongo na uti wa mgongo, kilichotoka mwaka 1895 na 1901, na michoro yake ilitokana na vipande vyembamba vya ubongo walivyovichunguza kimoja baada ya kingine. Mwaka 1914 Augusta akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Chama cha Neurolojia cha Paris.

Vita, na askari waliopooza

Mwaka huohuo Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Hospitali ya Salpêtrière, alikokuwa akifanya kazi na mumewe, ikapokea askari wengi waliopigwa risasi au vipande vya mizinga mgongoni. Wengi hawakuweza tena kusogeza miguu wala kuhisi chochote kuanzia kiunoni kwenda chini. Siku zile mtu aliyeumia uti wa mgongo hakutarajiwa kuishi muda mrefu. Vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo viliwaua wengi ndani ya miezi michache.

Jules aliugua wakati wa vita na kufariki Februari 1917. Augusta hakuacha wodi. Pamoja na daktari kijana, André Ceillier, aliwapima askari hao mmoja mmoja. Walikuta jambo la ajabu. Kwa baadhi yao nyonga zilikuwa zimekakamaa kama zimefungwa kwa gundi. Magoti ya wengine hayakukunjika. Ukigusa paja ulihisi kitu kigumu ndani ya nyama. Wakapiga picha za eksirei, na picha zikaonyesha mfupa uliokuwa umetanda katikati ya misuli.

Mwaka 1918 wakaanza kuchapisha walichokiona. Tatizo walilikuta kwa karibu nusu ya wagonjwa waliowachunguza. Walieleza mambo matatu ambayo madaktari wanayakubali hadi leo. Kwanza, mfupa huu huota sehemu za mwili zilizo chini ya mahali uti ulipoumia, si juu yake. Pili, hukaa kando ya kiungo, na kwa kawaida kiungo chenyewe ndani ni kizima. Tatu, si chokaa iliyoganda. Ni mfupa kamili. Waliupa jina refu la Kifaransa lenye maana ya ugonjwa wa kando ya mifupa na viungo. Siku hizi madaktari huuita heterotopiki osifikesheni, neno lenye asili ya Kigiriki na Kilatini linalomaanisha mfupa kujijenga mahali pengine.

Wengine walikuwa wameuona mfupa wa namna hii kabla yao, lakini hakuna aliyekuwa ameupima kwa wagonjwa wengi hivyo na kuueleza kwa utaratibu ule. Kwa askari aliyepooza, uchunguzi huu ulikuwa na maana kubwa. Nyonga ikikakamaa hawezi kukaa kwenye kiti. Asipoweza kukaa, analala. Akilala muda wote anapata vidonda, na vidonda ndivyo vilivyokuwa vikiwaua.

Mfupa huu unatoka wapi?

Mwili ukiumia hutuma chembechembe changa kwenda kukarabati. Kwa kawaida zile zilizo kwenye msuli hutengeneza msuli au kovu. Lakini wakati mwingine, uvimbe ukiwa mkali au ujumbe kutoka kwenye mishipa ya fahamu ukivurugika, chembechembe hizo hupokea maagizo ya kujenga mfupa. Hujenga kwanza gegedu, kisha gegedu linageuka mfupa ambao mwishowe huwa na hata uboho ndani yake.

Hutokea zaidi kwa watu hawa:

- walioumia uti wa mgongo au ubongo, kwa mfano katika ajali za bodaboda na magari;
- waliovunjika au kuteguka kiwiko au nyonga;
- waliofanyiwa upasuaji wa kubadilishiwa nyonga;
- walioungua sehemu kubwa ya mwili;
- waliopigwa sana kwenye msuli, kama mchezaji aliyepigwa goti pajani;
- waliokatwa kiungo kutokana na mlipuko.

Upo pia ugonjwa adimu sana wa kuzaliwa nao, unaotokana na hitilafu katika jeni moja iliyogunduliwa mwaka 2006. Mtoto mwenye ugonjwa huo huzaliwa na vidole gumba vya miguu vifupi vilivyopinda, na kila anapoumia, hata kwa sindano ya kwenye msuli, mfupa mpya unaweza kuota. Mtoto wa namna hiyo anahitaji daktari bingwa kabla ya kuchomwa sindano ya msuli au kukatwa kinyama cha kupimwa. Watoto wengine wote wapate chanjo zao kama kawaida.

Dalili za kuangalia

Mara nyingi huanza kati ya wiki ya 3 na ya 12 baada ya kuumia. Angalia haya:

- sehemu karibu na kiungo inavimba, inakuwa ya moto na pengine nyekundu;
- homa ndogo isiyoeleweka;
- kiungo kinapungua kukunjika au kunyooka wiki hadi wiki;
- unagusa kitu kigumu ndani ya nyama;
- aliyepooza anapata mikazo ya misuli zaidi ya zamani, au hakai tena vizuri kwenye kiti cha magurudumu.

Aliyepooza anaweza asisikie maumivu yoyote. Kwa hiyo wewe unayemwogesha na kumgeuza ndiye macho yake. Ukizoea kukunja nyonga na magoti yake taratibu kila siku, utagundua mapema siku yanapoanza kugoma.

Dalili hizi zinafanana na za damu kuganda kwenye mshipa wa mguu, usaha ndani ya kiungo, au mfupa uliovunjika bila kujulikana. Yote hayo ni ya hatari. Usiamue nyumbani kwamba ni hili au lile. Mguu wa aliyepooza ukivimba ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Akiumwa kichwa kikali ghafla, akitoka jasho jingi juu ya sehemu iliyopooza na shinikizo la damu likipanda, hiyo ni dharura.

Jambo jingine la kujua: picha ya eksirei ikipigwa mapema sana inaweza isionyeshe kitu, kwa sababu mfupa bado mchanga. Kama dalili zinaendelea, rudi baada ya wiki 2 au 3 na uombe kupimwa tena. Pale palipo na vifaa, ultrasaundi na vipimo vingine vinaweza kuonyesha mapema zaidi.

Matibabu ya leo

Augusta na Ceillier hawakuwa na dawa ya kuuzuia mfupa huu. Sisi tunazo njia kadhaa, ingawa hakuna dawa ya kuuyeyusha ukishakomaa.

*Kuzuia.* Kwa mtu mwenye hatari kubwa, daktari anaweza kumpa kwa wiki chache dawa za kupunguza uvimbe kama indomethasini. Dawa hizi zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, kwa hiyo usijinunulie dukani. Kwenye hospitali kubwa, wakati wa upasuaji wa nyonga, hutumika pia mionzi kidogo mara moja tu, muda mfupi kabla ya upasuaji au ndani ya siku 3 baada yake.

*Mazoezi.* Kiungo kisogezwe taratibu, mpaka pale kinapoishia bila kulazimishwa, kwa maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia. Kukiacha kimelala bila kukisogeza hukifanya kikakamae zaidi.

*Upasuaji.* Kama mfupa unamzuia mtu kukaa, kutembea, kula au kujisafisha, au unabana mshipa, unaweza kukatwa na kutolewa. Zamani walisubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu mfupa ukomae. Siku hizi madaktari bingwa wa mifupa huamua kwa kila mgonjwa, na wengine hufanyiwa mapema zaidi. Unaweza kurudi baada ya kukatwa, ndiyo maana dawa na mazoezi hufuata.

Wapo wengi ambao mfupa wao ni mdogo na hauzuii chochote. Hao hufuatiliwa tu.

Usikande, usichue

Hili nakuomba ulishike hata kama utasahau mengine. Kwetu mtu akiteguka au kuvunjika kiwiko, wengi humkimbiza kwa mkandaji. Anachuliwa kwa mafuta, anakandwa kwa maji ya moto, mkono unavutwa mpaka analia. Wanaofanya hivyo wana nia njema, na wengine ni wazee wetu tunaowaheshimu. Lakini kuchua kwa nguvu msuli ulioumia na kuvuta kiungo kilichovimba huongeza kuvuja damu na uvimbe ndani, na hapo ndipo mfupa hupata nafasi ya kuota. Mtoto aliyeanguka na kuumia kiwiko anaweza kupona na kurudi kucheza. Mtoto huyohuyo akichuliwa kila jioni anaweza kubaki na mkono usiofika mdomoni.

Kwa pigo la msuli, siku 2 au 3 za kwanza pumzisha sehemu hiyo, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hivi kila baada ya saa kadhaa, funga bandeji isiyobana sana, na inua kiungo. Kama mtu huyo hana hisia sehemu hiyo, usimwekee barafu wala kitu cha moto, maana ataungua bila kujua. Kama kiungo kimepinda au hakibebi uzito, nenda hospitali kwanza.

Ukiwa na mama mkwe au mjomba anayesisitiza kumwita mkandaji, usigombane naye. Mweleze kwa upole, na mwombe akusindikize kwa daktari. Mara nyingi mkubwa akisikia kwa masikio yake mwenyewe hukubali, na yeye ndiye anayekuwa mlinzi wa mgonjwa kuanzia siku hiyo.

Miaka yake ya mwisho

Vita ilipokwisha mwaka 1918, magazeti yaligeukia mambo mengine. Askari waliopooza hawakuinuka vitandani kwa sababu amani imepatikana. Augusta aliendelea kuwahudumia walemavu wa vita kwa miaka mingine kadhaa, na alihifadhi kazi na mikusanyo ya mumewe ili madaktari wengine waitumie. Serikali ya Ufaransa ilimpa nishani ya heshima, Légion d'honneur. Alifariki Paris tarehe 5 Novemba 1927, akiwa na miaka 68.

Kabla hajachapisha chochote, alifanya kazi ambayo wewe pia unaweza kuifanya leo jioni. Alikunja nyonga na goti la mtu aliyepooza, akaangalia vinafika wapi, akaandika, na siku nyingine akarudi kuangalia tena. Tafuta daftari. Andika tarehe, kiungo gani, kinakunjika kiasi gani, kama kuna joto au uvimbe. Ukienda kliniki, mpe daktari au nesi daftari hilo, na umwulize waziwazi kama inawezekana mfupa unaota kwenye nyama.